Mjadala: SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, ilipie sindano za vichochezi vya ukuaji wa gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa gotini?

Mkaazi wa Rongai: SHA imechukua nafasi ya bima ya zamani, NHIF, tangu Oktoba 2024. Wenye magoti yaliyolika wachomwe plazma yenye pleteleti nyingi, yaani majimaji ya damu yenye chembe za kugandisha zinazobeba vichochezi hivyo, bima ilipe. Ni damu yako mwenyewe. Kuizungusha kwenye mashine ya kuitenganisha hata karani anaweza.

Fizio Eastlands: Isilipe! Australia walijaribu kwa watu mia mbili na kitu, sindano 3 wiki kwa wiki. Mwaka ulipoisha, maumivu yalikuwa sawa na ya waliochomwa maji ya chumvi.

Damu na Darubini: Karani? Ndugu yangu, ukisema mizunguko 1500 kwa dakika bila kutaja nusu kipenyo cha rota, kile kichwa cha mashine kinachozunguka, hujasema kitu. Sentimita 10 zinakupa nguvu ya 250 g hivi, yaani mara 250 ya mvutano wa dunia. Sentimita 16 zinafika 400. Ukizidisha mzunguko wa kwanza, pleteleti zinazama na seli nyekundu, juu unabaki na plazma ya manjano isiyo na kitu. Chupa iwe ya sitreti, inayozuia damu kuganda. Hesabu pleteleti kabla na baada: ukianza na 200,000 kwa maikrolita, utoke na 600,000 kwenda juu. Usipohesabu, hujui umemchoma mgonjwa nini.

Mkaazi wa Rongai: Sikuwatusi watu wa maabara.

Damu na Darubini: Umetutusi, na umewahatarisha wagonjwa.

Fizio Eastlands: Rota si hoja! Gegedu halina mishipa ya damu, na vichochezi havikai sana kwenye ute wa goti.

Mifupa Upper Hill: Wale wa Australia walikuwa 288, na matokeo yalitoka 2021. Gegedu lao pia liliendelea kupungua kama la wenzao. Ila msichanganye mambo. Plazma ina vichochezi vingi, TGF-beta, PDGF, IGF-1, vyote kwa pamoja. Kichochezi kingine, FGF-18, kilijaribiwa peke yake, ile dawa ya sprifermin: maikrogramu 100 kwa sindano, 3 kila miezi 6. Miaka 2, unene wa gegedu ukazidi wa waliopewa sindano isiyo na dawa kwa milimita 0.05. Maumivu? Hayakupungua kuliko ya hao wenzao.

Fizio Eastlands: Mgonjwa halalamikii milimita, daktari. Analalamikia ngazi.

Damu na Darubini: Na wanaotia bupivakaini, dawa ya ganzi, humohumo gotini ili sindano isiume? Hiyo inaua seli za gegedu!

Mkaazi wa Rongai: Basi kabla ya SHA, nani anakagua hizi mashine za kliniki?

Damu na Darubini: Anza wewe. Ukifika, uliza nusu kipenyo cha rota na hesabu ya pleteleti. Wakikosa karatasi ya hesabu, usivue suruali.