Majani ya mkungu, gogo, piti au RO: kipi kinashusha pH kweli?

Tangi80:
Wakuu habari za humu. Nina tangi la samaki la lita 80, ndani kuna samaki aina ya neoni 12 na korido 5 (wale wa kuchokonoa chini). Maji yangu ya bomba ni pH 7.8 (kipimo cha asidi, ikishuka asidi imezidi), KH 9 (kipimo cha bikaboneti kwenye maji). Nilisoma kwamba majani makavu ya mkungu (ule mti, sio mkungu wa ndizi) yanashusha pH nikaweka manne, kimya, nikaongeza sita, sasa hivi wiki ya tatu maji yamekuwa chai ya rangi kabisa, kioo cha nyuma sikioni, ila nikipima pH ni 7.8 ileile. Juzi ilisoma 7.7 nikafurahi, leo imerudi. Nimeibiwa au? Niongeze majani, nihamie kwenye gogo la kuzamisha, piti (ile mboji ya kinamasi), ama ninunue mashine ya RO, ile inayochuja maji mpaka madini yanatoka, niache kuhangaika?

Uduvi_Mmoja:
Hujaibiwa mkuu, mwenye tangi hapo ni hiyo KH 9. Rangi na pH ni vitu viwili tofauti. Tanini, hiyo inayotoa rangi ya chai, ni asidi dhaifu, ikitoka tu kwenye jani inakutana na bikaboneti inamezwa palepale, kwahiyo kwa KH hiyo utajaza majani mpaka samaki wakose pa kugeukia na pH bado inakuangalia tu. Kama huamini chukua glasi mbili, moja maji ya bomba nyingine maji ya RO, tia kipande cha jani kinacholingana kila moja, pima baada ya siku 3. Na maji ya bomba yaache wazi siku nzima kabla ya kupima, manake yakitoka bombani yanaweza kuwa na kaboni dayoksaidi inayodanganya kipimo.

BibiKorido:
Mi naongelea majani na gogo tu, hayo mengine waachie kina Uduvi 😄 Gogo linatoa rangi taratibu miezi na miezi, ila lichemshe kwanza la sivyo wiki moja tu maji meusi. Afu wiki za mwanzo litaota ute mweupe kama pamba iliyolowa, usikimbie kulitoa, haudhuru, konokono na uduvi wanaula. Jani lenyewe linachakaa ndani ya wiki kadhaa unabaki na mishipa mitupu, unaweka jingine. Okota yaliyodondoka yenyewe yakakauka rangi ya kahawia, ya kijani hapana, na usiokote palipopuliziwa dawa. Kwa korido mi nachagua majani bila kufikiria, wanachokonoa chini yake kutwa nzima. Rangi ikikuchosha weka kaboni (mkaa wa kuchujia) kwenye filta, siku chache maji meupe.

MzeePiti:
Hapo kwenye piti naomba nisikilizwe maana imenigharimu. Ni kweli ina nguvu kuliko majani, haitoi rangi tu, inashika kalsiamu na magnesiamu inaachia asidi, KH inashuka kweli. Shida hujui inashusha kiasi gani, mfuko wa leo sio mfuko wa jana. Nilikuwa na tangi la lita 60, KH 2 tu, nikatia konzi mbili kwenye filta nikasafiri. Kurudi napima pH, matone ya kupimia yanatoa njano ya mwisho kabisa, yaani 6 au chini ya hapo, kipimo hakisomi zaidi. Samaki wako hai, wanakula! Mimi na kiherehere changu nikabadilisha nusu ya maji kwa maji ya bomba ya 7.8, asubuhi nikaokota 7 wamekufa. Nikaja kuelewa baadaye, kwenye asidi kali bakteria wa filta wanazubaa, uchafu unajikusanya kama amoniamu ambayo haina makali, ukipandisha pH ghafla inageuka amonia. Niliwaua kwa kuwaokoa.

Uduvi_Mmoja:
Pole sana mzee. Ndo maana mi nasema RO, sio kwa kuwa ni ya kisasa ila kwa sababu inahesabika. Ndoo 2 za RO kwa ndoo 1 ya bomba, KH 9 inakuwa 3, basi. Usitumie RO tupu, haina madini na haina KH ya kuzuia pH isianguke. Badilisha lita 15 kwa wiki kwa mchanganyiko huo, baada ya mwezi utakuwa kwenye KH 5 na nusu hivi, samaki hawatajua. Maji yakipungua kwa kukauka ongezea RO peke yake, maana mvuke hauondoki na madini. Ukizidisha kushusha, bekingi soda gramu 3 kwa lita 100 inapandisha KH 1. Bekingi soda, sio bekingi pauda!

Kimya_Kingi:
Swali langu moja tu, kwanini unashusha? Neoni wengi wanazalishwa mashambani, 7.8 isiyoyumba wanaishi nayo vizuri. Ningekuelewa kama unataka watage, au una kardinali, ndugu zao neoni, waliovuliwa mto Rio Negro kule Amazon. Majani yaache, yanapunguza mwanga samaki wanatulia, pia yanasaidia kidogo dhidi ya fangasi. Ila zile chupa za kushusha pH usiguse, leo 6.8 kesho 7.6, huko kupanda na kushuka ndo kunawamaliza. Na mwenye samaki aina ya sikilidi wa ziwa Malawi anayesoma hapa, funga uzi huu, wako wanataka kinyume chake.

Tangi80:
Asanteni wote. Jaribio la glasi nimefanya, siku ya 3 leo: ya bomba 7.8, ya RO njano ya mwisho, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Kimya_Kingi umenishika, nataka watage kweli, kwahiyo naanza na lita 15 za mchanganyiko kila Jumamosi, majani yanabaki kwa ajili ya korido, piti siigusi. Glasi zimekaa dirishani, mke wangu kauliza hiyo chai ya nani.