Ubao wa vidole wa gitaa la mninga: mafuta gani, na kwa kiasi gani?

Mwuliza swali, Uyole (Mbeya)

Ndugu mafundi na wapigaji, naomba msaada wenu. Nimemaliza kutengeneza gitaa langu la kwanza, la nyuzi za chuma, baada ya miezi kadhaa ya kufanya kazi jioni na siku za Jumamosi. Ubao wa vidole, yaani ule wa juu ya shingo ambao nyuzi hubanwa juu yake, ni wa mninga nilionunua Mwanjelwa mwezi wa Februari, mvua zikiwa zinanyesha, na muuzaji alinihakikishia kwamba umekwisha kukauka. Freti, yaani vile vyuma vyembamba vinavyokatiza ubao, nilizigonga mwezi wa Aprili na kuzisawazisha kwa tupa hadi kiganja kikapita pembeni bila kukwama popote.

Sasa ni Julai, na mambo mawili yananisumbua. Kwanza, ubao ulianza kupauka, nikaambiwa kwamba mafuta ni mafuta tu, kwa hiyo nikaupaka ya alizeti ya jikoni, mara mbili, bila kubania. Kufikia wiki ya tatu ulikuwa unanata. Vumbi limeganda kandokando ya freti, na ukinusa kwa karibu kuna harufu ya mafuta yaliyochacha. Pili, ncha za freti zimechomoza pembeni kiasi kwamba mkono unakwaruzwa ninaposhuka kutoka freti ya 5 kwenda ya 1. Je, nilipaka mafuta machache mno, ndiyo maana ubao unaendelea kusinyaa? Au niachane na mafuta kabisa nipake vanishi, kama tunavyopaka makabati?

Seremala, Mafinga

Ndugu wa Uyole, hongera kwa kazi, na usivunjike moyo, kwa kuwa hakuna kilichoharibika hapo.

Nianze na kusinyaa, kwa sababu watu wengi wanachanganya mambo hapa. Ubao wako umepoteza maji, na mafuta hayawezi kuyarudisha. Mbao, hata baada ya kukatwa na kukaushwa, hupokea unyevu wa hewa na kuutoa, na inapoutoa hupungua upana, wala si urefu. Ulinunua mninga wakati wa masika, ukagonga freti hewa ikiwa bado na unyevu, kisha kipupwe kikaja na upepo wake mkavu. Ubao ukapungua upana, chuma kikabaki vilevile. Mninga ni miongoni mwa mbao zetu zinazotulia vizuri, na ndiyo maana tunaupendea milango, lakini hata robo ya milimita kila upande kiganja huitambua mara moja. Mafuta hupunguza tu kasi ya unyevu kuingia na kutoka. Ungepaka debe zima, ubao ungesinyaa tu.

Kuhusu kunata, tofautisha aina za mafuta. Mafuta ya kitani, ambayo maduka ya rangi huyaita linsidi, hukauka kwa kuvuta hewa ya oksijeni hadi yakawa ngozi ngumu ndani ya vitundu vya mbao. Ya zeituni na ya parachichi hayakauki. Ya alizeti yako katikati: huanza kukauka, hayamalizi, yanabaki kama gundi na kuchacha. Hayo ndiyo unayoyanusa.

Ukarabati wake ni huu. Legeza nyuzi uzitoe. Lowesha kitambaa cha pamba kwa tapentaini, kikamue, usugue nafasi moja baada ya nyingine, ukibadilisha kitambaa kila kinapopata weusi, hadi kitoke safi. Uache ubao usiku mzima. Kisha funika freti kwa utepe wa karatasi wanaotumia wapaka rangi, chukua kifutio cha shule, kizungushie msasa, na upige kwa kufuata urefu wa shingo tu. Ukipiga msasa kwa kukatiza, mikwaruzo haitaonekana kwenye mbao kavu, lakini mafuta yatakapoingia itajitokeza yote kama mistari ya chaki. Anza na namba 220, nenda 320, kisha 400. Kabla ya msasa wa mwisho, futa ubao kwa kitambaa chenye unyevu kidogo sana. Vinyweleo vya mbao vitasimama. Ukikauka, vikate kwa namba 600. Inamisha shingo dirishani ili mwanga uje kwa ubavu: ukiona kivuli chochote cha mkwaruzo, rudi nyuma namba moja. Hapa ndipo kazi ilipo. Mwenye haraka na msasa hataokolewa na mafuta yoyote, na nimeona magitaa mazuri yakiharibiwa na nusu saa iliyookolewa hapa.

Baada ya hapo changanya linsidi na tapentaini nusu kwa nusu. Kijiko kimoja cha chai kinatosha ubao mzima na kubaki. Paka kwa kitambaa, subiri dakika 10 hadi 15, kisha futa kila kitu kilichobaki juu, kana kwamba umejuta kupaka. Kwa baridi ya Uyole mwezi huu usihesabu saa 24. Subiri siku tatu, kwa kuwa baridi huchelewesha ukaukaji. Rudia mara mbili.

Neno moja ambalo naomba lisipuuzwe: kitambaa chenye linsidi kikikunjwa na kutupwa pembeni hujipasha joto chenyewe na kinaweza kuwaka moto bila kiberiti. Kitandaze juani kikiwa wazi hadi kikakamae, au kizamishe kwenye maji. Karakana ina maranda kila kona.

Mwalimu wa kwaya, Tukuyu

Naongeza machache kutoka upande wenye unyevu, maana huku kwetu mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka na tatizo letu ni kinyume cha lenu: ubao huvimba. Gitaa la kwaya yetu lina ubao wa mpingo. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, tena una mafuta yake ya asili, kwa hiyo hauhitaji linsidi hata kidogo. Haitaingia, itabaki juu ikinata. Mimi hutumia mafuta ya parafini meupe ya duka la dawa, yale yanayouzwa kwa ajili ya kulainisha choo (si mafuta ya taa, tafadhali), matone matatu au manne, kisha nafuta. Hayakauki, lakini pia hayachachi. Mafuta ya limau yanayouzwa kwenye maduka ya muziki mara nyingi ni hayohayo yaliyotiwa harufu.

Nafanya hivyo mara moja kwa mwaka. Linalosaidia zaidi ni kufuta jasho kwa kitambaa kikavu kila baada ya ibada, kwani uchafu mweusi unaojikusanya kwenye freti tatu za kwanza ni jasho na ngozi ya vidole vya watu. Na atakayepiga msasa mpingo avae barakoa: vumbi lake huwasha ngozi na kifua.

Mwuliza swali, Uyole

Nawashukuru sana wote wawili. Nimesafisha kwa tapentaini jana. Vitambaa vitano vimetoka na rangi ya chai ya rangi, cha sita kikawa safi, na harufu imekwisha. Ila swali la vanishi limebaki.

Seremala, Mafinga

Samahani, nililiruka. Kuna magitaa ya Marekani yenye ubao wa vidole wa mepo, mbao nyeupe, na hayo hupakwa vanishi kwa sababu jasho lingeutia madoa mara moja. Mbao nyeusi na za kahawia kwa desturi huachwa wazi. Kwako wewe siishauri: nyuzi za chuma zitaichimba vanishi ya kabati kwenye freti za kwanza, itamenyeka vipandevipande, na kuikwangua katikati ya freti kwa kipande cha kioo ni adhabu ambayo nimekwisha kuitumikia.

Ncha za freti usiziguse leo. Subiri hadi mwishoni mwa Septemba, ubao uwe umesinyaa kadiri unavyoweza, ndipo uzipunguze kwa tupa ndogo, ukiilaza kidogo na kusukuma kuelekea kwenye mbao, kamwe usivute kuelekea nje, la sivyo utaing'oa freti kwenye mfereji wake. Ukizikata wakati huo, masika yakirudi ubao utapanuka na ncha zitazama ndani kidogo, jambo ambalo mkono haulalamikii. Na mbao ya gitaa la pili inunue sasa, uiweke juu ya dari hadi mwakani.