Mrejesho: kihisio cha mlango wa jikoni hakipotei tena

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini kihisio changu cha Zigbee (mtandao wa redio wa vifaa janja vya nyumbani) kwenye mlango wa jikoni kinapotea mtandaoni kila baada ya siku mbili. Waliosema betri, nilibadilisha, wapi! Aliyesema dongo (kile kipokezi cha Zigbee kinachochomekwa kwenye kompyuta) isikae karibu na tundu la USB 3.0, maana huvuruga mawimbi yake, ndiye aliyepatia: nimeivuta kwa waya wa mita 1.5, mbali na diski, tatizo likapungua nusu. Nusu iliyobaki imemalizwa na plagi janja niliyochomeka koridoni. Kumbe vifaa vya betri havipokezi ujumbe wa wenzao, vya umeme wa ukutani ndivyo vinavyobeba. Nikakiunganisha kihisio upya palepale mlangoni, kikapitia kwenye plagi. Leo siku ya 11. Ila mke wangu ameshaichomoa hiyo plagi mara moja apige pasi.