Sijalima, nimeacha mabua, mahindi yamekuwa njano: naitrojeni imeenda wapi?

Kijana wa Masasi
Wakuu habari za mvua. Huu ndo msimu wangu wa kwanza sijalima kabisa, nimeacha mabua ya mwaka jana yote juu nikachimba vishimo tu nikapanda, sasa mahindi yana wiki nne, majani ya chini yamekuwa njano inaanzia nchani inaingia katikati kama V, na jirani aliyelima kwa jembe akachoma mabua yake kwake kijani kabisa, roho inaniuma. Jumanne nimemwaga mbolea ya urea juu ya mabua, mpaka leo Jumamosi hata tone la mvua. Nirudi kulima?

Mama Mbaazi, Nachingwea
Pole mwanangu, usirudi. Njano hiyo ni njaa ya naitrojeni, kile kirutubisho kinachofanya majani yawe kijani. Mabua ya mahindi yana kaboni kama 60 kwa naitrojeni 1, na ikishazidi 25 hivi vijidudu vinavyoozesha vinachota naitrojeni ya udongoni ili vipate kula mabua, mahindi yanabaki yanatazama. Haijapotea, wameikopa, wakifa inarudi. Funua mabua yaliyogusa ardhi utaona nyuzi nyeupe za ukungu, ndo hao. Jirani yako kapindua udongo hewa ikaingia mboji ikaoza haraka, anakula akiba yake, na kwa mchanga wa huko mvua kubwa ikipiga inaishusha hiyo naitrojeni mbali mizizi isifike.

Fundi Mbolea
Mama kamaliza ila hapo kwenye urea mkuu umeumia. Ina naitrojeni 46% lakini ukiiacha juu ya mabua yenye unyevu inageuka amonia inaruka na hewa, siku nne za jua hizo sehemu nzuri imeshaondoka. Sogeza mabua, toboa sentimita 5 pembeni ya shina, tia, fukia, rudisha mabua. Au tumia mbolea ya CAN (calcium ammonium nitrate), hiyo hairuki hivyo.

Kijana wa Masasi
Shikamoo mama, nimefunua kweli nyuzi zipo! Na Alhamisi nilisikia harufu kali kama ya mkojo nikadhani ni mbuzi wamepita.

Mama Mbaazi, Nachingwea
Marahaba. Harufu hiyo ndo amonia yenyewe. Basi rudia kidogo kwa kufukia, usisubiri wiki ya sita. Mwakani mbolea ya kupandia isikosekane, na changanya mbaazi humohumo, majani yake yakidondoka yanaoza upesi wala hayakopi. Mabua linda tu mchwa na mifugo wasiyamalize.