Pensheni ya ofisa mstaafu haijaongezwa kwa miaka 12: wengine wanafanyaje?

Swali, Meja mstaafu
Nilistaafu jeshini miaka 12 iliyopita. Stakabadhi ya pensheni yangu ya kwanza bado ninayo, na juzi niliiweka mezani kando ya ile ya mwezi uliopita: tarakimu ni zilezile mpaka senti, ilhali siku hizi mke wangu hulazimika kuchagua dawa ipi inunuliwe sasa na ipi isubiri. Ofisa niliyemkabidhi kikosi amestaafu mwaka jana kwa cheo kilekile na anapokea karibu mara mbili yangu. Je, hii ni haki?

Mhasibu
Pole sana, Afande. Bei zikipanda kwa asilimia 6 kila mwaka, baada ya miaka 12 pensheni isiyoongezwa hununua nusu tu ya ilichonunua mwanzoni. Marekani hurekebisha pensheni za wanajeshi kila mwaka kwa kufuata fahirisi ya bei za walaji, yaani kipimo cha jinsi bei za mahitaji ya kawaida zinavyobadilika, na ndiyo maana Januari 2023 wengi wao waliongezwa asilimia 8.7 pasipo mtu kuandika barua ya kuomba.

Luteni Kanali mstaafu
Nakubaliana na Mhasibu, ila fahirisi ya bei haiondoi tofauti kati yako na huyo mwenzako, kwa kuwa pensheni hukokotolewa kwa mshahara wa mwisho, na mishahara ya walio kazini hupandishwa sisi tukiwa tumeshatoka. India ililishughulikia jambo hilo mwaka 2015 kwa mpango wa cheo kimoja, pensheni moja: wenye cheo sawa na miaka sawa ya utumishi walipwe sawa, hata kama walistaafu nyakati tofauti, na viwango vipitiwe kila baada ya miaka 5. Wastaafu walitaka vipitiwe kila mwaka, lakini mwaka 2022 Mahakama ya Juu iliuacha mpango ulivyo. Kwangu mimi, miaka 5 ni mingi mno kwa mtu aliyekwisha kutimiza 75.

Meja mstaafu
Ahsanteni, ndugu zangu. Na mke wangu, nikitangulia?

Mhasibu
Kwa kawaida mjane hupewa sehemu tu ya pensheni ya marehemu, kwa hiyo kiwango chako kisipopandishwa naye atagawiwa kutoka kwenye hichohicho kilichokwisha kuliwa na bei. Mkienda kudai, msiridhike na posho ya mara moja. Dai lenu liwe nyongeza katika pensheni yenyewe.