Duka la bangi lenye leseni Colorado: nikinunua na risiti, naruhusiwa kurudi nayo Mbeya?

Mwana_Mbozi:
Habari zenu wakuu. Nipo Mbozi nashughulika na kahawa, na Mungu akipenda mwezi ujao naenda Denver, jimbo la Colorado huko Marekani, kwenye mafunzo ya uonjaji. Sasa mzee wangu yuko Tukuyu, magoti yanamtesa kweli, ikiingia ile baridi ya mwezi wa sita hata shambani haendi, anashinda jikoni kwenye moto. Jamaa mmoja kaniambia kule Colorado bangi ni halali na kuna mafuta ya kuchua yenye bangi yanauzwa dukani kabisa, duka lina leseni ya serikali na risiti unapewa. Nitajuaje duka lina leseni kweli na sio la kihuni, mgeni wanamuuzia au mpaka uwe mwenyeji, na hiyo risiti itanikinga nikitua Dar? Mimi sivuti, ni kwa ajili ya mzee tu.

Mhehe_Aurora:
Kamwene kaka. Mimi ni wa Ipogolo ila naishi Aurora, jirani kabisa na Denver. Walipiga kura 2012 na maduka yakafunguliwa tarehe 1 Januari 2014, kwa hiyo ni mengi, ukitafuta kwenye ramani ya simu yanajaa tele. Ila ramani sio leseni. Leseni inatolewa na kitengo cha bangi kilicho chini ya idara ya mapato ya jimbo, na kwenye tovuti yao kuna orodha ya maduka yote yaliyosajiliwa, unaangalia jina na mji. Mgeni anauziwa bila shida mradi awe na miaka 21, pasipoti inatosha, wanaikagua unapoingia na tena kabla ya kukuuzia. Ukiona umefika hadi kaunta hakuna aliyekuuliza kitambulisho, geuka utoke. Pakiti ya kitu chenye THC, yaani ile kemikali inayolevya, lazima iwe na alama ya pembe nne iliyosimama kwa ncha yenye herufi hizo na alama ya mshangao. Maua, yaani bangi kavu, yana kikomo cha kuuziwa. Vya kula dozi moja ni miligramu 10 na pakiti haizidi 100, hapo ndo wageni wanaumia maana vinachelewa kushika hata masaa mawili, mtu anaona kimya anaongeza kingine, baadaye vinamjia vyote kwa pamoja. Na beba keshi, kadi za mkopo hazipiti kwa sababu mabenki yanaogopa sheria ya shirikisho, yaani ya serikali kuu. Bei ya kwenye rafu pia sio utakayolipa, kodi ya jimbo peke yake ni asilimia 15 na mji unaweka yake juu.

Dada_Uyole:
Mhehe umeeleza vizuri duka lilivyo lakini jamani mwambieni na la viza, maana hilo ndo linaniuma! Kaka yangu, halali ya Colorado ni ya jimbo, kwa serikali kuu ya Marekani bangi bado ni kosa na uhamiaji wanafuata sheria ya serikali kuu, sio ya Denver. Wewe sio raia. Ukikiri tu kwa ofisa kwamba ulinunua au ulitumia, hata kama ni duka la leseni na umelipa kodi, wanaweza kukuzuia kuingia safari nyingine. Na simu mpakani wanaruhusiwa kuikagua, sasa hiyo risiti unayoitegemea ikukinge ndo itakuwa ushahidi dhidi yako. Wenzetu wenye green card, yaani kibali cha kuishi Marekani, hata kufanya kazi tu kwenye hayo maduka kunawaharibia uraia, uhamiaji walitoa mwongozo huo 2019. Watu wanaona duka safi lenye taa wanadhani wako salama, kumbe usalama huo ni wa raia.

Mlima_Rungwe:
Naongezea la huku kwetu. Risiti ya Colorado haina nguvu yoyote Tanzania, sheria yetu ya dawa za kulevya ya 2015 haiulizi ulinunua wapi, bangi ni bangi iwe kavu au imekamuliwa ikawa mafuta. Hata kabla ya Dar, uwanja wa Denver wenyewe umepiga marufuku kuwa nayo, na kama unapitia Dubai au Doha ndo kabisa, kule hawana mchezo. Fikiria mzee anapigiwa simu Tukuyu anaambiwa kijana kashikwa uwanja wa ndege kwa ajili ya magoti yake.

Mwana_Mbozi:
Ndaga fijo, nimeelewa. Hayo mafuta nayaacha huko huko, hata dukani kwenyewe siingii. Ila mzee bado anaumwa, kuna mwenye wazo lingine?

Dada_Uyole:
Lipo. Kuna jeli ya kuchua ya diclofenac, hata huko Marekani wanauza bila cheti cha daktari tangu 2020, na huku waulize maduka ya dawa Mwanjelwa. Ila muulize kwanza kama ana presha au vidonda vya tumbo umwambie mfamasia, na kabla hujasafiri mshushe hospitali ya Rufaa Mbeya wampige picha ya magoti, kuchua bila kujua kilichoharibika ndani ndo kunafanya wazee wetu wakae na maumivu miaka.

Mwana_Mbozi:
Nitampeleka wiki hii, natoka naye Tukuyu na basi la alfajiri.