MAFUNDI BOTI WA KIGOMA, RANGI SIYO MATENGENEZO!

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu nauandika kwa hasira na sitaomba radhi.

Kila kiangazi kikikaribia kuna watu wanaandaa mashua ndogo ya tanga, futi 18 mpaka 22, washuke nayo Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma: Ilagala, Mahale, Karema, Kirando, Kipili, hadi Kasanga. Wengine wanataka waingie kidogo na mto Malagarasi. Ni zaidi ya kilomita 400 kwenda tu, kurudi hujahesabu. Na kila mwaka ufukweni wimbo ni uleule: "Bosi, hii ipo tayari, unafika nayo mpaka Mpulungu, Zambia." Tayari kwa lipi? Imepigwa rangi ya bluu, imeandikwa jina ubavuni kwa mbwembwe, basi. Chini ya ile rangi ni aibu tupu.

Chukua mbao. Fundi anapigilia mninga uliochanwa juzi, ukigonga msumari unaona unyevu unachuruzika pembeni. Ubao wa inchi 1 unataka karibu mwaka mzima kivulini, umepangwa na vijiti katikati upepo upite. Ukimwuliza anakwambia "usijali, maji yatazikaza." Yatazikaza zipi? Zilizo chini ya mstari wa maji, sawa. Zile za juu zinapigwa jua la Julai kutwa, zinasinyaa, ukikaa ndani unaona mwanga kati ya ubao na ubao. Boti ya mashine haina shida sana na hilo kwa sababu inakwenda imenyooka. Mashua ya tanga inalala ubavu! Upepo ukishika, zile mbao za juu zilizoachia ndizo zinakuwa chini ya maji, na unaanza kufua maji (kuyachota na kuyamwaga nje) kilomita tano kutoka nchi kavu huku unajiuliza yanaingilia wapi, maana asubuhi ngama (chini ndani ya mashua, maji yanapokusanyika) ilikuwa kavu.

Kalafati, yaani kuziba mianya kati ya mbao, ndiyo usiseme. Kazi yenyewe siyo siri. Kwenye ubao wa inchi 1, mwanya uwe na umbo la V: ndani mbao zigusane, nje uwazi wa kama milimita 3. Unasokota pamba, unaishindilia kwa patasi butu na nyundo ya mti mpaka ijaze nusu ya kina au zaidi kidogo. Ukipiga kwa hasira inatokea upande wa pili, au inasukuma ubao utoke kwenye mbavu. Unapaka rangi ya kwanza juu ya pamba ili isinywe maji, halafu unajaza lipu laini ya chokaa na mafuta ya kitani. Nusu saa kwa kila mita ukiwa huna haraka. Sasa angalia tunachofanyiwa: pamba ya godoro bila kusokotwa, imechovywa mawese. Mawese hayakauki kamwe! Kwa mtumbwi unaovutwa mchangani kila jioni na kuzibwa upya kila baada ya wiki chache, haina neno, wazee wamevua hivyo miaka. Kwa safari ya wiki tatu yanatoka taratibu na pamba inayafuata.

Na kuna hawa wa kisasa wanaojaza bodifila ya magari. Huo ni uuaji. Bodifila ikikauka inakuwa kama kigae. Mbao ikinywa maji inavimba, kigae hakibonyei, kwa hiyo ama kinaruka vipande vipande au kinasukuma ubao mpaka misumari inalegea. Inapendeza siku ya kuuza tu, imesuguliwa msasa, ukipitisha kiganja husikii kiungo hata kimoja. Mashua ya mbao ambayo husikii viungo vyake kwa kiganja, ikimbie.

Misumari. Msumari uliochovywa kwenye zinki ya moto una rangi ya kijivu, umeparuza, kichwa chake kina vidonge vidonge. Ule unaong'aa kama kijiko umepakwa utando tu na ziwani haumalizi misimu miwili. Ubao wa inchi 1 unataka msumari wa inchi 2½ hadi 3, tundu litobolewe kwanza kwa keke ya milimita 3 (mninga ukipigilia bila tundu unapasuka), ncha ikunjwe upande wa ndani. Kwenye mashua iliyokwisha kutumika, kwangua rangi sehemu tatu chini ya mstari wa maji, utafute vichwa. Ukiona duara jeusi limezunguka kichwa cha msumari, upana wa kitufe cha shati, na ukichomeka kisu pale mbao inaingia kama muhogo wa kuchemsha, huo msumari ulishakufa, umeshikiliwa na rangi. Ukikuta hivyo kwenye sehemu mbili kati ya tatu, msibishane bei. Ondokeni.

Wauza vifaa nao msijifiche nyuma ya mafundi. Mnauza nanga na kamba mita 20, "inatosha ziwani hapa." Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 pale penye kina kikubwa, na milima inaingia majini wima, sehemu nyingi za Mahale ukitoka ufukweni kidogo tu unakosa pa kushika. Ukitia nanga kwenye mita 10 unahitaji kamba mita 50 usiku mtulivu, 70 upepo ukichafuka, na mnyororo mita 5 mbele yake ili nanga ilale chini. Kamba fupi inainua nanga, nanga inatembea, unaamka umebebwa hadi miambani. Na iwe ya nailoni inayozama na kuvutika. Hiyo manila ya plastiki mnayoipenda inaelea, inanaswa kwenye panga la mashine, na jua linaifanya iwe unga.

Tanga la turubai la kufunikia mahindi: hapana. Linavutika, umbo linapotea, mashua haiwezi tena kupanda upepo (kwenda kuelekea unakotoka). Na hapa ndipo watu wanapigwa, kwa sababu kuanzia Mei hadi Septemba upepo mkubwa unatoka kusini mashariki. Ukienda Kasanga unabisha njia nzima, mshazari kushoto na kulia dhidi ya upepo. Shona kitambaa cha polista, uzi wa polista, mshono wa zigizaga mistari miwili, pembe zote tatu ziongezwe tabaka. Na ubebe tanga la pili dogo, kama nusu ya lile kubwa, maana tanga la foromali (lile linaloning'inia kwenye boriti ya mshazari) halikunjiki kirahisi mawimbi yakiwa mafupi na wima kama ya huku.

Jaketi za kuokolea: nyingi zimejazwa sponji ya godoro. Inanyonya maji. Jaketi iliyoandikwa nyutoni 100 inapaswa kuelea ikiwa imefungiwa chuma cha kilo 10. Ifunge, itie kwenye pipa la maji, iache mpaka kesho. Ikizama mrudishie muuzaji pamoja na maji yake.

Mashine sitaongea sana. Mafuta hayachanganywi kwa jicho: kama kitabu chake kinasema 50 kwa 1, dumu la lita 20 linataka oili mililita 400, oili ya mashine ya boti, siyo ya pikipiki. Kile kipande cha zinki cha kuzuia kutu ni cha baharini. Kwenye maji yasiyo na chumvi kinajifunika utando na kuacha kazi; dai cha magnesiamu. Plagi mbili za akiba, pini za panga, panga la akiba.

Wa Malagarasi: shikio (usukani) liwe la kunyanyuka, mlingoti uwe wa kulaza, kwa sababu mdomoni mwa mto kuna michanga inayohama. Msidanganywe kwamba mtafika Uvinza kwa mashua. Maporomoko ya Igamba yatawarudisha.

Mnaotetea mafundi, karibuni.

—

Mzee wa Tezi:
Mkuu umeongea kweli lakini nusu. Mteja anakuja na bei ya mtumbwi anataka mashua ya kufika Kasanga, tena Ijumaa. Mbao kavu ya mwaka mzima nani anaiweka stoo kwa ajili yake? Pamba nzuri, mafuta ya kitani, misumari ya zinki ya moto, vyote vina gharama. Na mteja huyohuyo akiona mashua haijapakwa rangi anasema "fundi hujafanya kitu."

—

Mwanzisha uzi:
Mzee wangu, hapo umenishika, nakubali. Ila basi semeni! Mwambie mteja "kwa pesa hii nakupa mtumbwi wa kuvukia hapo jirani Katonga", asikanyage Mahale. Tatizo ni kumwambia Mpulungu.

—

Dagaa Mkavu:
Mmesahau taa. Usiku usio na mbalamwezi ziwa limejaa vipe vya dagaa (boti za kuvulia kwa taa), wavuvi wanaona taa zao tu, wewe hawakuoni. Taa nyeupe juu ya mlingoti, betri ya akiba. Na farumi (uzito wa kutuliza mashua): msitupie mawe ndani hivi hivi. Mashua ikilala yanahama upande mmoja na hainyanyuki tena. Mchanga kwenye viroba, juu ya mkuku (uti wa chini wa mashua), umefungwa kwa kamba, na uache njia ya maji ya ngama kufika pa kuchotea.

—

Mwanzisha uzi:
Shukrani mkuu, la farumi lilinitoka.

Kuna aliyeuliza pembeni alipeje. Gawa malipo mara tatu. Ya kwanza mbao zikifika, uzikague mwenyewe. Ya pili kalafati ikiisha na KABLA ya rangi, mashua ishushwe majini siku tatu ikiwa tupu. Siku ya kwanza itavuja, ni kawaida, mbao zinakunywa. Siku ya tatu funga mifuko ya mchanga upande mmoja, ilale kabisa, mbao za juu ziguse maji, ukae ndani saa nzima na tochi na chaki uweke alama kila panapotiririka. Zikizibwa zote, malipo ya tatu. Fundi akikataa kushusha mashua isiyo na rangi, umeshapata jibu lako.

Rangi utanunua mwenyewe. Na brashi.